Maji ya Joto Yamekwenda Pweto

Kuna watu wakitendewa wema husema asante, wakaenda zao, wakalala usingizi mnono. Cadette hakuwa mtu wa aina hiyo. Wema ulimkaa kooni kama tonge lisilotaka kushuka, na kwa miaka yote aliyoishi ufukweni Nchelenge, upande wa Zambia, alikuwa akitafuta namna ya kulimeza. Si kosa lake. Wengine tumezaliwa hivyo: ukitupa kikombe cha chumvi leo, kesho tunatafuta gunia la kukurudishia.

Na wema wenyewe haukuwa kikombe cha chumvi. Cadette alitoka Pweto, kule Ziwa Mweru linakoishia upande wa Kongo, vita vikiwa nyuma yake na binti yake Sagesse mgongoni. Kwanza alikaa kwenye kambi ya wakimbizi porini, kisha akapata kibali cha kwenda kuuza maandazi katika soko la Kashikishi, hapo Nchelenge. Hapo ndipo alipokutana na Ennie, muuza samaki mwenye sauti ya kuweza kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Mwanawe wa kwanza ni Mwelwa, kwa hiyo watu humwita Bana Mwelwa. Ennie aliona mama mgeni akimlaza mtoto chini ya meza ya maandazi, hakuuliza maswali mengi. Alimpa pembe ya kiwanja chake ajenge, na kipande cha shamba alime. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ennie alimpa jembe siku ya kwanza, akasema yeye hana subira ya kungoja hizo nyingine.

Tangu hapo ikawa Cadette anakula kwa Ennie. Akiugua, uji unatoka kwa Ennie. Mvua ikibomoa jiko, moto unatoka kwa Ennie. Mwaka huu mihogo ya shamba lake ilipokomaa, mihogo aliyoipanda kwa mkono wake na kuipalilia kwa mgongo wake, alikata shauri. Jumapili baada ya ibada angemwita Ennie na nyumba yake yote, na jamaa zao wa Mununga, na mama wa kanisa, awapikie bukari, yaani ugali, ya unga wake mwenyewe. Si unga wa kununua wala wa kuazima. Alitaka jambo moja tu maishani wakati ule, kwamba Ennie aje kwake, ale jasho lake, ashibe.

Sasa, mihogo ya ufukwe ule si ya kuchezea. Ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Dawa yake ni maji. Unaimenya, unaitia kwenye magunia, unayafunga kwenye mti uliochomekwa ziwani na kuyalaza chini kwa mawe, na maji yanafanya kazi yao polepole mpaka muhogo unalainika na ule ubaya unatoka. Kisha unauvunjavunja, unauanika juu ya mawe, unautwanga. Pweto wanafanya hivyo, Nchelenge wanafanya hivyo. Na kote kuwili, ukiuliza muda, utajibiwa siku tatu.

Magunia ya kwanza, machache tu, yalikwenda vizuri. Cadette aliyatia ziwani jua likiwa kali na ziwa limelala bila ukunjo, akayatoa kwa siku yake, na muhogo ukamvunjikia vidoleni kama mkate. Aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Akaenda kung'oa mingine, maana wageni walikuwa wengi, akaitia palepale, kwenye mti uleule.

Siku hiyohiyo upepo ukaanza. Ulitoka nchi kavu, upande wa kusini na mashariki, ukavuma kuelekea ziwani bila kupumzika. Ulipeperusha nguo kwenye kamba na kuwafunga macho wauza chisense, dagaa wa kule, sokoni. Cadette hakuujali. Kazi ya upepo ni kukausha, na yeye alikuwa na cha kukaushwa.

Siku ya kutoa magunia aliingia majini akashtuka. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Alitia mkono kwenye mdomo wa gunia, akapata muhogo uliolainika kidogo, akajiambia mambo ni sawa. Alipoyamwaga juu ya mawe ndipo aliona: mingi ilikuwa migumu vilevile ilivyoingia. Mtu mwenye akili angeirudisha majini. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumapili ilikuwa imeshatangazwa kanisani, na jamaa wa Mununga walikuwa wameshaulizia usafiri. Cadette alichukua kisu akaikatakata ile migumu vipande vyembamba, akaianika pamoja na ile laini, juu ya mawe yaleyale yenye muhogo wa magunia ya kwanza. Jua litamaliza kazi, alisema moyoni. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaijua methali hii, na kila mtu mzima huisahau akiwa na wageni.

Ijumaa alitwanga kidogo ajaribu. Alilamba unga kwenye ncha ya kidole, akatema. Uchungu ulimkaa ulimini hata baada ya kusukutua.

Alikaa kwenye kigogo chake cha jikoni akayatazama mawe meupe kwa muhogo uliochanganyika, mwema na mbaya, mwembamba na mnene, na hakujua tena upi ni upi. Akili yake ikamletea ushauri, maana akili ya mtu aliyebanwa haikosi ushauri. Changanya na unga wa mahindi. Mchuzi wa samaki uwe na pilipili nyingi. Hakuna atakayesikia uchungu.

Ni kweli, asingesikia mtu. Lakini Cadette alikumbuka mwaka ule wa kukimbia vichakani, watu wana njaa, wanalowesha mihogo usiku mmoja na kuila. Mdogo wake wa kiume aliamka asubuhi moja miguu imekakamaa, na mpaka leo anatembea kwa fimbo mbili. Unga ule ule angempa Ennie? Alisikia aibu kwa kuwaza tu, akachukua simu akampigia dada yake Pierrette, aliyebaki Pweto.

"Yaya, mihogo yangu inakataa. Siku tatu mu mayi, na bado iko nguvu sawa kuni."

"Yako iko nguvu?" Pierrette alicheka kwa uchovu. "Yangu inaoza. Nilitia, nikarudia mbele ya siku yake, nikakuta ilishakuwa buyi ya kunywa. Mayi ya huku iko moto siku hizi, unaweza kuogesha mutoto bila kuweka ku moto."

"Ya huku inakata miguu."

"Ziwa ni moja, Cadette."

"Ni moja, njo minashangaa."

Kila mmoja aliusikia upepo wa mwenzake ndani ya simu. Pierrette akamwambia asilishe watu muhogo mgumu, kisha salio likaisha.

Mchana huo akapita Kingsley. Kingsley ni mtoto wa kaka yake Ennie, kijana mpole anayefanya kazi na watu wanaopima ziwa. Huenda na boti mpaka kilindini, wakateremsha kamba yenye vipima joto vilivyofungwa kila hatua, wakasoma maji ya juu na ya kati na ya chini. Alikuwa anatoka huko, suruali imelowa mpaka magotini, na kama kawaida yake alikuja kunusa jikoni. Cadette alikuwa na maharagwe yaliyoungwa kwa mawese. Alimwekea bakuli, akamweleza kisa chote, cha Nchelenge na cha Pweto.

Kingsley aliacha kijiko. "Mama, rudilia hiyo ya Pweto. Mayi ya kule inakuwa ya moto?"

"Moto ya kuogesha mutoto."

Alitabasamu kama mtu aliyeletewa habari njema, akalivuta bakuli mbele yake. Mawese mekundu yalikuwa yameelea juu ya mchuzi. "Angalia, mukwai," alisema kwa heshima ya Kibemba. "Hii mafuta ni mayi ya moto, ile jua inachoma, inabakia juu. Hii supu ya chini ni mayi ya baridi. Upepo ni mi." Akainama akapuliza taratibu. Mawese yote yalisogea yakajikusanya ukingo wa pili wa bakuli, na upande wake yeye mchuzi ukatokea mtupu. "Huku kwangu ni Nchelenge. Kule mafuta inajikusanya ni Pweto."

Cadette aliangalia bakuli, akamwangalia Kingsley, akaangalia bakuli tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kufundishwa kitu kwa chakula chake mwenyewe.

Kingsley alieleza mengine huku akila, maana elimu haikumwondolea njaa. Miaka hii joto limezidi, kwa hiyo yale maji ya juu yanapata moto zaidi na kukaa zaidi, hayataki kuchanganyika na ya chini. Zamani, kwa walivyosimulia wazee wa samaki, baridi iliingia kidogo kidogo msimu ulipogeuka. Mwaka huu ziwa lilikaa kimya na moto mpaka watu wakasahau kwamba kuna baridi, halafu upepo ukaja wote kwa mara moja, ukasukuma ule moto ng'ambo, na maji ya chini yakapanda kushika nafasi iliyoachwa. Alisema hata kwenye bahari, kunakopita meli kubwa, pepo huyahamisha maji vivyo hivyo, ya joto yakaenda na ya baridi yakapanda, na joto la dunia linazigeuza desturi za maji yaliyokuwa na desturi tangu mababu.

"Njo vile tunafikiri," alimalizia. "Bado tunapima. Hii ya Pweto sikuwa najua. Natotela, asante sana, mama."

"Donke basi mayi yangu ya moto ilienda Pweto."

"Ilienda, mukwai."

Cadette alicheka, kisha macho yakamlowa, yote mawili kwa pamoja. Miaka yote hii yeye hajarudi nyumbani, na maji yameondoka mlangoni pake, yamekwenda kwao kwa juma moja bila kuomba kibali cha mtu. Alimshukuru Mungu kwamba angalau kitu kimoja kutoka kwake kimemfikia Pierrette, hata kama kimemwozea mihogo.

Lakini kujua sababu si kupata unga. Kingsley alipoondoka, mawe yalikuwa palepale na muhogo wake mchanganyiko. Cadette alijifunga kitenge upya, akavuka kiwanja mpaka mlangoni kwa Ennie, hatua chache ambazo siku ile zilikuwa nzito. Ennie alikuwa anapara samaki, mapale wakubwa ambao mumewe alikuwa amewaleta.

"Bana Mwelwa, minaleta haya yangu."

"Kaa. Haya inasemwa mutu amekaa."

Akamwambia. Hakuficha kisu, hakuficha jua litamaliza kazi, hakuficha hata ule ushauri wa mahindi na pilipili. Ennie alisikiliza bila kuacha kupara. Cadette alipomaliza, Ennie alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na ndoo ya unga mweupe imejaa pomoni.

"Kamata. Ya mwezi ilipita. Ilikaa mu mayi muzuri."

Cadette alirudisha mikono nyuma. "Hapana. Ya kwako siwezi kukupikia. Itakuwa ni we unajilisha."

"Na kama ni mi minajilisha?"

"Basi kazi yangu iko wapi? Hii miaka yote ninakula kwako. Ninataka siku moja nirudishe."

Ennie aliweka ndoo chini kwa kishindo kidogo. Hakuwa mtu wa hasira, lakini alikuwa na uso wa kuonyesha kwamba hasira anaijua inapokaa. "Bana Sagesse, unatafuta kunishukuru ao kunilipa?"

"Si ni kintu kimoja?"

"Awe, hapana. Mutu akisha kukulipa, anaenda yake. Mi sijakutuma uende."

Hapo lile tonge la miaka yote likasogea kidogo. Cadette alikaa akalia bila kujificha, na Ennie akamwacha alie, akaendelea na samaki, maana samaki hawangoji. Baadaye Ennie alisema jingine, kwa sauti ya chini zaidi. Alisema zile siku tatu ni yeye aliyemwambia. Mama yake mzazi, wakati wa upepo, hakuwa anahesabu siku kabisa, alikuwa anabonyeza muhogo wa tumboni mwa gunia na kusikiliza mkono wake. Lakini maji yamekuwa ya moto miaka mingi, na wanawake wa ufukwe wameacha kubonyeza, wameshika hesabu.

"Kosa yako nusu," alisema, "na yangu nusu. Kesho tuichambue pamoja."

Jumamosi asubuhi Ennie aliita, na ile sauti yake ya kuita mitumbwi ikaleta wanawake wa nyumba zote za jirani. Walikaa kuzunguka mawe, wa Zambia na wa Kongo, Kibemba na Kiswahili vikigombania hewa moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile vidole vilikuwa vingi. Kazi ilikuwa kuvunja kila kipande, kimoja baada ya kingine. Kilicholowa vizuri kilisagika mkononi kikawa unga. Kigumu kilikatika kwa mlio, na katikati yake palikuwa na kiini kinachong'aa. Cha kwanza kiliingia kwenye beseni. Cha pili kilirudi kwenye pipa la maji lililowekwa juani, mbali na ziwa na baridi yake, kikaanze kazi upya.

Walimtania Cadette bila huruma. Nkonde, mama mzee wa kwaya, alisema amealikwa kwenye karamu nyingi lakini hii ndiyo ya kwanza ambapo wageni wanamenyeka kabla ya chakula. Mwingine akauliza kama Jumapili wataitwa pia kuvua samaki. Cadette alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa ameiogopa aibu hii tangu Alhamisi, na sasa alikuwa amekaa katikati yake, nayo ilikuwa na joto la watu. Aliwatazama wale wanawake, unga mpaka kwenye viwiko, Jumamosi yao ya soko wameiacha kwa ajili yake. Alishukuru. Kwa mara ya kwanza alishukuru bila kupiga mahesabu ya namna ya kurudisha.

Jua lilipofika utosini kazi ikaisha, na mabeseni yakaonyesha ukweli wake. Muhogo mwema ulikuwa mchache. Baada ya kutwanga na kuchekecha, unga ulitosha chungu kimoja kidogo, bukari ya watu wachache wenye adabu. Jamaa wa Mununga peke yao wangeumaliza kwa kuutazama.

"Sawa," alisema Cadette, na alishangaa kusikia kwamba anasema kweli. "Hii ni ya Bana Mwelwa. Benye kubakia, kila mutu akuje na bukari yake."

Nkonde alisema hajawahi kusikia mwaliko wa namna hiyo, na kwamba angekuja.

Jumapili wakaja. Upepo ulikuwa bado unavuma, ibada ikawa ndefu, na watu wakatoka kanisani wakiwa na njaa ya haki. Walijaa mbele ya nyumba ndogo ya udongo ya Cadette, na kila mama alikuwa na sufuria yake kichwani, imefunikwa kwa kitambaa. Kulikuwa na bukari ya kila nyumba, na mapale, na majani ya mihogo, na maharagwe yenye mawese ambayo Kingsley aliyapuliza mbele ya wazee wa Mununga mpaka wakamwambia aache kuchezea chakula. Sagesse alipita na chumvi. Mchungaji aliomba kwa kifupi, jambo lililowapa wengi imani mpya.

Cadette alikuwa ametayarisha hotuba. Alisimama, akaangalia watu, ikamtoroka yote. "Mihogo yangu iko bado mu mayi," alisema. "Mutarudia." Watu walicheka wakapiga makofi, na hotuba ikaishia hapo.

Kisha alileta kile chungu kidogo, akakiweka mbele ya Ennie, peke yake. Ennie alizoea karamu. Katika karamu zote za kiwanja kile alikuwa hakai, alikuwa wa kunyanyua, wa kugawa, wa kuuliza nani hajapata. Siku ile aliketi, kitenge kipya magotini, mikono imetulia, akangoja. Mwanawe Mwelwa alipotaka kuinuka kuchukua birika, alimvuta shati akae.

Maji ya ziwa yalikuwa bado ya baridi, kwa hiyo Cadette alikuwa ameyapasha moto. Alipiga goti moja, akashika birika juu ya beseni, akammiminia mikononi polepole. Ennie alinawa bila haraka, kidole kwa kidole. Akakata tonge, akalichovya, akatafuna macho yakiwa chini, akameza. Haukuwa na uchungu hata chembe. Akakata la pili. Alikula mpaka chungu kikaonyesha chini yake, na hakumwachia mtu.

Alipomaliza alinyoosha tena mikono, Cadette akamiminia maji yaliyobaki. Ennie aliyakung'uta, akapiga makofi mawili ya heshima, yale ambayo mgeni humpigia mwenyeji wake.

"Natotela," alisema, "mwine ng'anda."

Maana yake ni mwenye nyumba. Tangu avuke ziwa, Cadette ameitwa majina mengi, na mengi yalikuwa mazuri. Hilo hakuwa ameitwa na mtu. Alibaki amepiga goti na birika tupu mkononi, na alipojaribu kujibu, alikuta kooni hakuna kitu, lile tonge limeshuka lote, pako wazi.